Kitambaa cha Kwanza Kwenye Kamba

Siku ya kwanza ya mafunzo, Bwana Urbano alituonyesha ukutani picha ya mlima wa barafu unaoelea baharini. Akasema mtoto mwenye ulemavu ni kama mlima huo: tunachokiona ni kidogo, sehemu kubwa iko chini ya maji. Tulikuwa walimu ishirini na sita kwenye ukumbi ule wa Gitega, na sidhani kama yupo aliyewahi kuona barafu kubwa kuliko ile inayoganda ndani ya chupa ya Fanta. Wote tuliandika: mlima wa barafu. Hata mimi niliandika. Daftari ninalo mpaka leo.

Naandika haya nisije nikasahau, kwa sababu nimeshaanza kusahau. Sauti ya dada yangu inanitoka. Mikono yake bado naiona.

Dada yangu Emerensiana alifundisha miaka sita darasa la watoto wenye ulemavu, katika shule yetu ya kilimani huko Gasorwe, mkoani Muyinga. Yeye alisomea ualimu. Mimi, Emiliana, niliishia sekondari tuliporudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, nikawa msaidizi wake. Alifariki mwezi wa pili. Homa, macho ya manjano, siku tisa, basi. Mkurugenzi wa shule, Bwana Leonardi, alisimama kaburini akasema Emerensiana alikuwa taa iliyoangaza kilima kizima. Katika miaka sita, mwanamume huyo aliingia darasani mwa taa hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kuazima kiti. Mara ya pili alikuja kuazima kingine.

Watoto walikuwa kumi na mmoja, na ukuta mmoja wa darasa ulikuwa na kamba. Ilianza kushoto, karibu na mlango, ikaishia dirishani, na kila hatua moja kulikuwa na msumari. Siku yetu ilining'inia hapo. Kikombe cha bati kilikuwa uji. Kipande cha mpini wa jembe kilikuwa bustani. Kipande cha sabuni ndani ya soksi kilikuwa kunawa. Jambo likiisha, mtoto anakitoa kitu chake kwenye kamba, anakitia kwenye kikapu, na dada anasema neno moja: "Imekwisha." Hakuwa akiongeza neno la pili. Alikuwa akisema mtoto asiyepata maneno vizuri ukimrundikia maneno unamfukia.

Kabla ya kikombe, mwanzoni kabisa mwa kamba, walikaa watu. Wa kwanza alikuwa mwalimu mwenyewe, kipande cha kitenge chake cha bluu chenye majani meupe. Asubuhi akiingia anakitundika, jioni akiondoka kinaingia kikapuni. Wa pili nilikuwa mimi, kifungo kikubwa cheusi cha koti. Halafu watoto, kila mmoja na kitu chake.

Kamba yenyewe ilitoka nyumbani kwa Jeska. Jeska ana miaka tisa, hasemi, na mtu akimgusa ghafla anapiga kelele mpaka koo linakauka. Kabla ya shule, mama yake alikuwa akienda shambani anamfunga mguu kwenye nguzo ya jikoni, maana mtoto akiachwa anatembea na hageuki nyuma. Siku dada alipomchukua kumleta darasani, aliifungua kamba ile kwenye nguzo akaja nayo. "Hii naihitaji shuleni," alimwambia mama. Huyo mama sijawahi kumdharau. Dharau yangu nimewawekea wengine.

Lilikuwepo pia kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko, juu ya rafu. Kikapu kilikuwa cha mambo yaliyokwisha kwa leo, kesho yatarudi. Kopo lilikuwa la yale yasiyorudi. Mwaka juzi familia ya Hamadi, mmoja wa watoto wetu, ilihamia Muyinga mjini, baba yake alipopata kibanda cha kushonea viatu. Watoto wakawa wanamngoja, mmoja akawa haanzi kunywa uji mpaka Hamadi aje. Dada akaliteremsha kopo, akatoa gurudumu la waya la Hamadi kwenye msumari wake, wakalipitisha mkono kwa mkono, likaingia, kifuniko kikafungwa. Kesho yake uji ulinyweka.

Kwa hiyo nilijua. Kopo nilijua liko wapi na ni la nini. Hilo naliandika mapema nisije nikajificha mbele.

Baada ya mazishi nilirudi darasani peke yangu, na asubuhi ya kwanza nikakitundika kitambaa cha dada mahali pake. Kwetu, vitu vya marehemu havisogezwi mpaka siku ya kuganduka, ile siku ukoo unapokutana kufunga msiba, baada ya mwaka. Shangazi alinionya mwenyewe: "Ukiondoa kitu chake kabla ya kuganduka, unamfukuza." Basi sikuondoa. Kila asubuhi nilikitundika, kila jioni nikakitia kikapuni, kesho yake nikakitundika tena. Nilidhani namheshimu.

Jeska akaanza kutoroka. Mara ya kwanza aliingia, akakitazama kitambaa, akarudi mlangoni akasimama, hakutaka uji wala bustani. Nilipogeuka kumfuta mwenzake kamasi, hayupo. Tulimkuta kwenye njia aliyokuwa akipita dada kuja shuleni. Mara ya pili, njia hiyo hiyo. Mara ya tatu alifika mpaka barabara kubwa, siku ya soko, akasimama katikati na pikipiki zinampita huku na huku.

Bwana Leonardi aliniita ofisini.

"Madame Emiliana, mi sina ubaya na huyo mtoto. Lakini iko barabara. Akigongwa, ni mi ndio nitaandikia mkoa rapporo."

"Nitamlinda, Mkurugenzi."

"Utamlinda na watoto kumi wengine? Na Jumatatu ijayo wageni wa mkoa wanakuja. Bon. Akitoka mara ya nne, abaki kwao. Ni hivyo tu, c'est tout."

Alikuwa ameogopa kuandika. Mtoto agongwe, na yeye ashike kalamu, hilo la pili ndilo lililomuumiza. Akaongeza kwamba amenipangia mafunzo ya siku tatu Gitega, nikitoka huko nirudi na kadi za picha na ile kamba niitoe. "Inaonyesha vibaya," alisema. "Kama mnaanika nguo."

Nilipita kwa mama yake Jeska kumweleza. Alikuwa anapepeta maharage, hakuacha.

"Kamba nyingine ipo, mwalimu," alisema. "Sitaki, lakini ipo. Nikienda kulima nani atamshika? Wewe?"

Nguzo ya jikoni ilikuwa nyuma yake, na pale chini, mahali kamba iliposugua miaka, mti ulikuwa umelainika kama mpini.

Mafuta ya gari yalikuwa adimu wiki ile, basi la Gitega lilitungoja tujae na sisi tukalingoja lipate mafuta, nikafika jioni. Asubuhi nikakutana na mlima wa barafu.

Bwana Urbano alikuwa na viatu vilivyochongoka na mikakati kumi. Mikakati Kumi ya Vitendo kwa Mwalimu wa Elimu Maalumu, ndivyo ilivyoandikwa ukutani, na kila mmoja aliusoma kwa Kifaransa, akautafsiri kwa Kiswahili cha kupanda ngazi, neno moja moja, kisha akatuomba tumpigie makofi aliyejibu. Mkakati wa tatu ulikuwa kona ya utulivu, yenye zulia laini na taa yenye mwanga hafifu. Darasa letu halina umeme. Kona ya utulivu ya dada ilikuwa gunia la maharage makavu. Mtoto akichafukwa anazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, anakaa hapo mpaka pumzi inarudi. Mwisho wa muhula maharage tunayala.

Halafu akagawa kadi. Picha za rangi zilizofunikwa plastiki. Kula ilikuwa sahani, na uma na kisu. Choo kilikuwa cha kukalia, cheupe, chenye mfuniko.

"Hii inamwambia mtoto nini?" aliuliza.

"Inamwambia akae ale," alijibu mama aliyekaa kando yangu, mnene, mtandio wa kijani, mikono yenye hina. Ukumbi ukacheka.

"Bon, mama, donc mtoto atajifunza..."

"Ajifunze choo ya picha, na choo yake iko inje, iko na tundu tu? Siku atapata haja, atakaa wapi? Bwana Urbano, we ulishafundisha mtoto gani? Sema jina moja tu."

Bwana Urbano alikohoa. "Mimi ni mtaalamu wa mikakati."

"Haya. Ni weye basi ule mlima. Lakini kwako iko kinyume. Yote iko juu, chini ya maji hakuna kitu."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana nilikuwa sijacheka tangu mwezi wa pili. Bwana Urbano akasema swali zuri, tutalirudia, akaendelea na mkakati wa nne. Hatukulirudia.

Mkakati wa saba aliusoma haraka kwa sababu mishikaki ilikuwa inanukia nje. "Usibadilishe jambo katika siku ya mtoto bila kumwonyesha kwamba limebadilika." Niliuandika chini ya mlima wa barafu, mwandiko mzuri, bila kuusikia. Nilikuwa nina kazi nyingi ya kumdharau.

Yule mama aliitwa Kulthumu. Anafundisha viziwi hapo hapo Gitega, na siku ya pili mchana alinichukua kwenda kula kwake, mtaa wa Yoba. "Mishikaki ya semina tuwaachie wataalamu," alisema. Mumewe, Faridi, fundi cherehani, alitukaribisha akarudi kwenye mashine yake barazani. Tulikula wali na ndizi, na mimi nikasema mengi kuliko nilivyosema miezi mitatu. Nikamweleza kamba, kikapu, kopo, gunia la maharage, na Jeska anavyotorokea njiani. Nikamweleza vile dada alivyofundisha kunawa: anafanya hatua zote yeye mwenyewe, anafungua sabuni, anamwaga maji, anasugua, na hatua ya mwisho tu, kujifuta, anamwachia mtoto. Wiki ijayo anamwachia hatua mbili za mwisho. Hivyo tangu siku ya kwanza kazi inamalizwa na mtoto. Na alikuwa akimwambia mtoto jambo, anahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kulirudia.

"Huyo dada yako iko na akili," alisema Kulthumu. "Mbona hakuja yeye kutufundisha, wakatuletea huyu wa viatu?"

"Amefariki. Mwezi wa pili."

"Inna lillahi." Akaweka kijiko chini. Halafu: "Na kitambaa chake? Kile cha kwanza kwenye kamba?"

"Kipo. Nakitundika kila asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Mpaka kuganduka. Ni desturi yetu."

Kulthumu alinitazama jinsi nadhani anavyowatazama watoto wake, mtu anayesoma uso kwa sababu ndiyo kazi yake. Nje cherehani ilisimama.

"We mama," alisema taratibu. "Kitambaa ikiwa pale, mtoto anaelewa nini?"

"Anaelewa mwalimu..."

"Basi kila asubuhi we unamwambia mwalimu amekuja. Anaangalia, hamuoni. Anaenda kumtafuta njiani. Huyo mtoto hatoroki, sha mwenzangu. Anatii."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali, nikaikuta yote imeshatumika kwa Leonardi na kwa Urbano. Siku mbili nilikuwa nawacheka watu wanaoonyesha watoto picha za uongo, na uongo mkubwa kuliko wote nilikuwa nautundika mimi miezi mitatu, kwa mkono wangu, kwenye msumari wa kwanza.

"Sikuweza kukitia kwenye kopo," nilisema. "Ni dada yangu."

"Najua. Kula wali."

Siku ya tatu tulipewa vyeti. Bwana Urbano alitupanga mstari, tukashika vyeti vifuani, tukapigwa picha. Kwenye changu jina la ukoo limekosewa. Nilikikunja mara nne.

Jumapili nilimwambia shangazi kwamba kesho yake nitakitoa kitambaa. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Basi weye umeganduka peke yako," akageuza kiti.

Jumatatu nilifika mapema. Bwana Leonardi alikuwa ameshafika, suti ile ile aliyovaa kwenye mazishi ya dada, kadi zangu za plastiki mkononi, maana nilizimwaga mezani kwake Ijumaa nilipopita kutoka Gitega. Kamba ilikuwa bado iko ukutani.

"Madame, wageni saa tatu. Hii kamba?"

"Itatoka au haitatoka, lakini si sasa."

"Si sasa lini?"

Mama yake Jeska alikuwa ameshamleta, amesimama naye mlangoni, jembe begani. Alikuwa anangoja aone kama ageuke na mtoto au aende shamba peke yake. Jeska alikuwa anatazama msumari wa kwanza. Ulikuwa mtupu. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi.

Nililiteremsha kopo. Nililiweka sakafuni chini ya msumari, nikafungua kifuniko. Nikachuchumaa, nikakitundika kitambaa, ili Jeska akione mahali pake. Akavuta pumzi, akageuza kichwa kuelekea njia. Mama akamshika bega. Nikakitoa kwenye msumari, nikakikunja mara mbili, nikakishikilia juu ya mdomo wa kopo. Hizo zote zilikuwa hatua zangu. Nikamnyooshea Jeska kitambaa. Hatua ya mwisho ilikuwa yake.

Nikasema neno moja. Lilitoka vibaya, lakini lilitoka. "Imekwisha."

Moja. Mbili. Tatu.

"Alors, Jeska, weka basi," alisema Bwana Leonardi. "Weka humo, mtoto mzuri, weka tumalize, wageni..."

"Mkurugenzi," nilisema bila kugeuka, "nyamaza. Hesabu mpaka kumi. Moyoni."

Sijui kama alihesabu. Alinyamaza, na hiyo ndiyo kazi pekee ya ualimu niliyowahi kumwona akifanya.

Jeska alikuja. Alikichukua kitambaa, akakinusa, akakifunika usoni, akakaa nacho hivyo muda mrefu. Nilifika kumi nikaanza upya. Nilifika kumi tena. Watoto wengine walikuwa wanaingia wakamzunguka, na hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanalijua kopo. Kisha akakishusha usoni, akakitia ndani. Kifuniko alikifunga yeye, akakibonyeza pande zote kwa dole gumba, vile dada alivyokuwa akifanya kuzuia sisimizi.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikajifuta kwa soksi ya sabuni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Jeska aliitazama kamba. Msumari wa kwanza ulikuwa mtupu, na Jeska hapendi pengo. Akiona pengo kwenye mstari wa mawe bustani nzima inasimama. Akakitoa kifungo changu cheusi kwenye msumari wa pili, akakitundika kwenye wa kwanza. Akasogeza na wengine, mmoja mmoja, mpaka kikombe cha bati, mpaka jembe, mpaka dirishani, na pengo likaishia mwisho wa kamba, mahali lisipomsumbua mtu. Kisha akarudi kwenye kikombe, akakigonga kwa kucha.

Alikuwa anataka uji.

Mama yake aliniangalia, akaangalia kamba, akaweka jembe vizuri begani. "Nitampitia saa sita," alisema, akashika njia ya shamba.

Wageni walikuja saa nne. Bwana Leonardi aliwaonyesha kadi, ameshika ya choo juu chini. Mmoja wao aliuliza kamba ile ni ya nini, na mkurugenzi akajibu bila kupepesa macho kwamba ni mkakati wa shule. Sikumsahihisha. Kamba ilibaki, hilo lilinitosha. Siku hizi anawaambia watu aliileta yeye kutoka kwenye semina.

Shangazi bado hasemi nami. Kuganduka ni mwezi wa pili ujao, na ukoo wote utakuja, na Bwana Leonardi ataomba kusema, na taa itawashwa tena. Nitakaa nyuma. Tangu Jumatatu ile Jeska hajatoka mlangoni. Asubuhi anaingia, anatazama msumari wa kwanza, ananitazama mimi kuhakikisha, anakwenda kwenye kikombe. Ikitokea nimechelewa kutundika kifungo, anasimama pale akingoja, kwa sababu siku haiwezi kuanza na mwalimu hayupo.